Chai Bila Sukari, Chapati Mbili

Mtu akishaambiwa ana kisukari cha aina ya pili, kitu cha kwanza kuondolewa mezani ni kopo la sukari. Chai inanywewa bila sukari, chapati zinabaki mbili. Tuzipige hesabu. Vijiko vitatu vya sukari ni kama gramu 12. Chapati moja ya kawaida hula gramu 50 hadi 60 za unga wa ngano, na karibu robo tatu ya unga huo ni wanga, ambao ukishameng'enywa huwa glukosi. Chapati mbili basi zinakaribia gramu 80. Kuacha sukari ni vizuri, ila mzigo mkubwa haujaguswa.

Tena mwili unabebeshwa mzigo huo asubuhi, saa mbaya. Kuelekea alfajiri hutoka homoni, kotisoli ikiwamo, zinazolifanya ini limwage glukosi kwenye damu na kudhoofisha kazi ya insulini. Kongosho zima hujibu kwa kuongeza insulini. La mgonjwa hushindwa, ndiyo maana wengi huamka sukari ikiwa juu kabla hawajatia chochote mdomoni. Si afadhali kutokula kabisa, basi? Mwaka 2015 Daniela Jakubowicz na wenzake wa Israel walichapisha utafiti wa wagonjwa 22: siku walipofunga hadi mchana, sukari yao baada ya chakula cha mchana na cha usiku ilipanda kuliko siku walipopata staftahi. Ni utafiti mdogo, na hautoshi kufunga mjadala. Lakini kwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi hakuna cha kujadili: kuruka mlo kunaweza kumshushia sukari ghafla.

Kinachofaa, kwa maoni yangu, ni kubadilishana nafasi: kitoweo kiwe ndicho chakula, na kile tulichozoea kukiita chakula kiwe kisindikizo. Pwani wanakula mbaazi za nazi kwa mahamri. Sahani ijae mbaazi, hamri liwe moja, tena dogo, na tui liwe jepesi. Bara kuna maharage, choroko na mayai. Yai halina hata gramu moja ya wanga, na wanga wa jamii ya kunde hutoka polepole kwa sababu umefungamana na nyuzinyuzi na protini. Mwaka 1982 David Jenkins na wenzake walionyesha, kwa watu wasio na kisukari, kwamba aliyekula adesi asubuhi badala ya mkate alikuwa na sukari iliyotulia hata baada ya chakula cha mchana.

Hapo atainuka mtetezi wa uji wa ulezi na mihogo ya kuchemsha: hivi ni vya asili, vitadhuru vipi? Uasili hauondoi wanga. Unga wa ulezi usiokobolewa una nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, kweli, lakini nafaka ikishasagwa laini na kupikwa uji mwepesi, hushuka na kumeng'enywa upesi, na bakuli la pili hufuata bila mtu kuhisi ameshiba. Asali nayo, hata iwe ya nyuki wadogo, ni sukari. Hoja ya gharama ina uzito zaidi, maana mayai kila siku si ya kila mfuko. Maharage ya jana usiku yakipashwa moto hayagharimu nauli ya sokoni, na mwenye kipimo cha nyumbani anaweza kujionea mwenyewe saa mbili baada ya kula: wagonjwa wengi hulenga sukari iwe chini ya 10 mmol/L.

Anayetumia dawa nilizozitaja azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu dozi iliyopangiwa chapati mbili huenda ikawa kubwa mno kwa sahani ya maharage. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa, kabla hajazidiwa apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, na kopo lile lisiwe limefichwa mbali.