Rubani akiingia mawinguni anaona wapi?

NIKIJA nyumbani Mushasha, hapa Gitega, swali huwa ni moja: rubani akiingia ndani ya wingu, anaona wapi? Wanaouliza ni waliorejea kutoka Tanzania kama mimi, na wafanyabiashara wanaopitia Muyinga kwenda kuvuka mpaka Kobero. Jibu ni kwamba haoni kitu. Anasoma vyombo vilivyo mbele yake, basi.

Huo ndio mtihani ninaojiandaa nao. Ninasomea urubani Nairobi, katika Uwanja wa Wilson, na leseni yangu ya sasa inaniruhusu kuruka pale tu ninapoona nje. Ili niruhusiwe kuingia mawinguni, sharti mkaguzi anipime.

Sikio hudanganya

Ndani ya sikio la binadamu mna maji yanayotuambia tumeinama au tumesimama wima. Ndege ikigeuka polepole kwa muda, maji hayo hutulia, na rubani huamini anakwenda sawa ilhali ndege imelala ubavu. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wasiofunzwa kutumia vyombo. Walipozibwa wasione nje, wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Hazifiki hata dakika tatu.

Mfanyabiashara wa Kobero ananielewa haraka nikimwambia hivi: gunia la maharage hulikadirii kwa jicho, unaliweka kwenye mizani. Mwili ukisema tunapanda na chombo kikisema tunashuka, rubani hufuata chombo. Lakini naye hukagua mizani yake, kwa kulinganisha chombo kimoja na kingine, maana chombo nacho huweza kuharibika.

Saa 40 za mazoezi

Kanuni za kimataifa zinataka saa 40 za kuruka kwa vyombo, baadhi zikiruhusiwa kufanyiwa ardhini kwenye mashine ya mazoezi. Zinataka pia saa 50 za safari za masafa ukiwa rubani mkuu. Angani huvaa kofia maalumu inayoficha dirisha, nibaki na vyombo tu.

Siku ya mtihani, maswali huanza mezani: hali ya hewa, ramani na mafuta. Kwa ndege ndogo ya injini ya pistoni, mafuta hayahesabiwi ya kufika tu. Lazima yatoshe kufika, kwenda uwanja wa akiba, kisha kuruka dakika 45 zaidi. Tukipaa, kimo kisipotoke zaidi ya futi 100 juu au chini. Kuna mzunguko wa kusubiri, dakika moja kila upande ulionyooka, huku upepo ukikusukuma. Mwisho ni kutua kwa kufuata mawimbi ya redio. Katika utaratibu wa kawaida nikifika futi 200, kama mita 60 juu ya ardhi, na sijaona njia wala taa zake, napaa tena.

Sehemu hiyo ndiyo ninayoirudia sana. Mimi nilizaliwa kambi ya Mtabila, Kasulu, tukarudi Burundi mwaka 2012 ilipofungwa. Kiswahili nilikuja nacho, Kirundi cha shule nikakijifunza nikiwa mkubwa, Kifaransa kikafuata. Kwa Kiingereza cha redio nilitakiwa nifikie kiwango cha nne kati ya sita, nikakipata. Wazee wangu wameuza ng'ombe na kipande cha shamba, na fedha iliyobaki inatosha mtihani mara moja tu. Mtu mwenye mzigo huo hutamani kutua kwa vyovyote. Mkaguzi anataka kuona kama nitakubali kuondoka.

Sisi wa ukanda huu hatuhitaji kuelezwa sana. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa.

Kwa hiyo, ndugu msafiri, siku ndege yako ikikaribia kutua kisha ikanguruma na kupaa upya, usimlaumu rubani kwa kukuchelewesha. Amefanya alichofundishwa. Mzigo wako utafika, hata kama ni kesho.