Stima ya Mkiani: Jua, Mto na Saa Moja Usiku

Alfajiri mashua za omena zikifika ufuoni Mbita, kando ya Ziwa Victoria, hushushwa samaki, kisha taa. Zamani taa hiyo ilikuwa karabai ya mafuta taa. Siku hizi baadhi ya wavuvi hutumia taa za betri: mchana kutwa zinachajiwa na jua, na usiku usio na mbalamwezi zinarudi ziwani kuvuta omena. Mwaka 2008 kampuni ya Osram na shirika la Global Nature Fund walifungua vituo vya aina hiyo katika eneo hili, chini ya mradi walioupa jina la Umeme Kwa Wote. Naitaja taa hii kwa sababu ndani yake limelala swali zima la stima ya kesho. Jua huwaka saa sita mchana, nasi twaitaka stima saa moja usiku.

Kaunti za Migori na Homa Bay, iliko Mbita, ziko mkiani mwa gridi ya taifa. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya huzalishwa mbali: mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Turkana. Umeme ukipita kwenye waya mrefu hupungua njiani, kama maji ya mfereji yanavyonywewa na udongo, na watu wengi wakiwasha kwa pamoja volteji hushuka zaidi. Mwenye posho mill haya anayajua bila kufundishwa. Jioni mota inanguruma, inapata moto, inakataa kuanza. Rais Ruto mwenyewe amekiri hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa stima.

Dawa mojawapo ni kuzalisha umeme huko huko mkiani. Hilo si jambo geni huku. Kwenye maporomoko ya Gogo, mto Kuja umekuwa ukizungusha mtambo wa megawati 2 tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, uliojengwa kwa ajili ya mgodi wa Macalder na ambao sasa ni wa kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen. Kwa hesabu ya taifa ni tone. Ila tone hilo linaingia karibu na anayelitumia, halikutembea kutoka Olkaria, na ndiyo maana uzito wake Migori ni mkubwa kuliko tarakimu inavyoonyesha.

Paneli za juu ya paa nazo huzalisha karibu na mtumiaji, lakini zina masharti yake. Mtaa ukijaa paneli, saa sita mchana umeme unarudi nyuma kuelekea transfoma na volteji inapanda kupita kiasi. Laini ilijengwa ikitarajia umeme uende upande mmoja tu. Kisha kuna jambo linalowashangaza wengi: nina paneli, mbona stima ikipotea nami nakaa gizani? Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ikiunganishwa na gridi ni lazima ijizime laini inapokufa, la sivyo inaweza kumuua fundi aliyepanda nguzo akiamini waya umelala. Anayetaka mwanga wakati huo anahitaji betri, pamoja na swichi ya kuitenga nyumba yake na laini.

Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango kwa mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kurudisha ziada yake kwenye gridi, na kanuni za 2024 zikaweka kipimo: kwa kila uniti anayotoa, anahesabiwa nusu. Naelewa hoja ya kampuni ya umeme, maana nguzo na nyaya zina gharama. Tatizo langu ni kwamba nusu ni nusu, iwe saa sita mchana au saa moja usiku, Nairobi au Karungu huku Migori. Uniti ya jioni huku mkiani ndiyo inayookoa mota ya posho mill. Isipolipwa zaidi, nani atanunua betri ya kuitunza?

Na si lazima kila hifadhi iwe betri. Homa Bay inahitaji barafu ya samaki kila siku, na barafu inaweza kugandishwa saa saba mchana, jua likiwa kali, ikatumika usiku. Maji ya kumwagilia mboga yanaweza kupigwa pampu hadi tangini saa hiyo hiyo. Mimi ningeanzia hapo: mita zinazotoza bei nafuu mchana kwa wagandishaji barafu na wapiga pampu wa kando ya ziwa, ili saa moja usiku laini ibaki na nafasi ya taa za nyumbani.