Fremu Moja kwa Majira Yote ya Mwaka

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mgeni akisha kukaribishwa, jambo la kwanza kuliona ni ukuta wa sebule. Katika nyumba nyingi za Bujumbura ukuta huo huwa na picha ya arusi na kalenda, labda ya mwaka uliokwisha pita. Picha nyingine zote za jamaa zimefungiwa ndani ya simu. Siku simu itakapotumbukia majini au kuibwa, zitapotea nayo.

Kwa familia za askari hasara hiyo ni nzito zaidi. Wanajeshi wa Burundi walianza kupelekwa Somalia mwezi Desemba 2007, chini ya Umoja wa Afrika, na kwa zaidi ya miaka 15 nyumba nyingi zilizoea kumngoja baba au mama aliye mbali. Askari polisi naye huhamishwa mara kwa mara. Jamaa wa namna hii wahitaji pambo jepesi kubeba, litakalohifadhi picha zao na kuonyesha jinsi mwaka unavyopita. Pambo hilo ni fremu moja, ambayo picha yake hubadilishwa kila majira.

KAZI YENYEWE

Kubandika picha na vipambo kwenye karatasi ni kazi ya zamani. Mwandishi Mark Twain wa Marekani alipewa hataza mwaka 1873 kwa kitabu ambacho kurasa zake zilikuwa na gundi tayari. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwenye kompyuta au simu: karatasi ya nyuma, maua, utepe na herufi vyote ni picha zinazopangwa juu ya kioo cha chombo, kisha huchapwa.

Vipambo vya namna hiyo huuzwa au hutolewa bure katika intaneti. Lakini vingi vyaonyesha theluji na majani makavu ya Ulaya. Mtoto aliyezaliwa Buyenzi au Ngagara hayajui majira hayo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, yafaa tutengeneze vipambo vyetu wenyewe.

MAJIRA YETU

Agatasi ni wakati wa mvua za kwanza, zinazoelekea Desemba. Watoto wamerudi shuleni, jembe limeshikwa, na mwishoni Krismasi inabisha hodi. Hufuata kiangazi kifupi cha kuanza mwaka. Impeshi, tangu Februari hadi Mei, ni mvua kubwa: vilima ni kijani, na mvua ikisha kunya milima ya Kongo huonekana wazi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ici ni kiangazi kikuu, tangu Juni. Vumbi huificha milima hiyo, nyasi hukauka, na tarehe 1 Julai hukumbusha uhuru wa mwaka 1962. Sikukuu ya Idi haina majira maalumu, kwani kila mwaka hutangulia kwa siku 11 hivi. Itiwe katika picha ya majira yatakayoikuta.

KUKUSANYA VIPAMBO

Kwa karatasi ya nyuma, tandaza kitenge, khanga au imvutano ya mama mahali penye mwanga bila jua kali, uipige picha kutoka juu. Mfuniko wa kikapu cha kusukwa nao hutoa nakshi nzuri sana. Kwa vipambo, weka juu ya karatasi nyeupe jani la mwembe, ua, au suke la mpunga, upige picha. Kisha, kwa programu ya GIMP isiyolipiwa, futa weupe unaokizunguka na uhifadhi faili la aina ya PNG. Faili la JPEG halifai hapo, kwa maana litaurudisha weupe ulioufuta.

KUPANGA NA KUCHAPA

Tuchukue kipimo cha sentimita 20 kwa 25. Ili picha ichapwe safi yahitaji nukta 300 kwa kila inchi, yaani pikseli 2362 kwa 2953. Fungua ukurasa wa kipimo hicho tangu mwanzo. Tabaka la chini liwe kitenge, kilichofifishwa kidogo ili kisishindane na nyuso za watu. Juu yake weka picha ya jamaa, moja tu iliyo kubwa, kisha vipambo vitatu au vinne pembeni. Mwisho andika jina la majira na mwaka.

Picha ya aliye mbali mara nyingi hupokewa kwa simu ikiwa imepunguzwa. Yenye upande mrefu wa pikseli 1600 huchapwa vizuri hadi sentimita 13 na nusu. Ukiikuza ifike 25 itakuwa na ukungu. Mwombe aliyeipiga aitume kama faili kamili. Nenda studioni na kazi yako ndani ya kidude cha kuhifadhia mafaili, na uombe karatasi ya picha. Ikisha kuchapwa iache siku nzima ikauke.

FREMU

Mwombe seremala fremu ya sentimita 30 kwa 40 kwa ndani, pembe zake zikatwe nyuzi 45. Kata kadibodi nyeupe ya ukubwa huo, yenye dirisha la sentimita 19 kwa 24. Kadibodi hii huifunika picha nusu sentimita kila upande, na huizuia isiguse kioo. Picha iliyogusa kioo hunata wakati wa unyevu, na kuibandua ni kuichana.

Ubao wa nyuma usipigiliwe misumari. Ushikwe kwa vishikizi vinne vya kuzungushwa, ili mama aufungue mwenyewe kila majira. Tundika fremu mbali na jua la dirishani, maana jua hufifisha rangi, wala si kwenye ukuta unaolowa mvua. Gundisha nyuma, pembe za chini, vipande viwili vya kandambili kuukuu ili hewa ipite.

TAHADHARI

Askari asipige picha za kambi, silaha wala zana kwa ajili ya pambo. Aidha, simu nyingi huweza kuandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa. Zima kazi hiyo katika kamera kabla ya kupiga.

HAZINA YA NYUMBA

Picha iliyotolewa isitupwe. Andika nyuma yake kwa penseli majina, mahali na tarehe, uifunike karatasi safi, kisha uirudishe ndani ya fremu, nyuma ya ile mpya. Hivyo fremu moja hubeba mwaka mzima, na siku ya uhamisho hubebwa kwa mkono mmoja. Mwaka ukiisha, zile za zamani zihamishiwe katika bahasha kavu. Naye aliyekuwa safarini atakaporudi, afunguliwe ubao ule wa nyuma, aone kwa utaratibu majira yote aliyoyakosa: jino la mwana lililong'oka wakati wa Agatasi, na jipya lililoota kabla ya Ici.