MADIWANI WA MTITO ANDEI WALIVYOAGA

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara hufika Mtito Andei akiwa karibu na nusu ya safari yake. Hapo madereva wa malori hupumzika, abiria hunywa chai, na wageni waendao kutazama wanyama hupita katika lango la mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948. Jina la mji huo ni la Kikamba, na maana yake ni msitu wa tumbusi.

Mji huu, ingawa si mkubwa, ulikuwa na baraza lake wenyewe, lenye madiwani waliochaguliwa na raia, mwenyekiti wao, na karani wa kutunza vitabu. Mwezi wa Machi 2013, baada ya uchaguzi wa tarehe 4, baraza hilo lilikoma. Halikukoma kwa kosa lake. Mabaraza yote ya Kenya, ambayo jumla yake yalikuwa 175, yaliondolewa siku zile zile ili kuzipisha serikali 47 za kaunti zilizowekwa na Katiba ya mwaka 2010.

Kuaga kwa namna hiyo ni jambo la pekee. Diwani aliyeshindwa kwa kura humwachia mwenzake kiti, na huweza kungoja miaka mitano akijaribu tena. Lakini madiwani wa mwaka 2013 waliondoka, na viti vyenyewe vikaondolewa nyuma yao.

Wazee wa Ukambani wameona mabaraza ya kila namna. Mwaka 1925 Machakos na Kitui zilipewa Mabaraza ya Wenyeji, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Bwana D.C.; sehemu za Makueni wakati huo zilikuwa chini ya Machakos, na zilibaki hivyo mpaka mwaka 1992 zilipofanywa wilaya. Mwaka 1950 yakaja Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, na mwaka 1963 mabaraza ya kaunti yenye nguvu nyingi. Nguvu hizo hazikudumu. Sheria ya mwaka 1969 iliyaondolea mabaraza ya kaunti shule za msingi, afya na barabara, pamoja na kodi iliyokuwa tegemeo lao. Yaliyobaki mikononi mwao yalikuwa ushuru wa masoko, leseni za biashara, kodi za viwanja, na mambo kama hayo. Mwaka 1998 Serikali ilitunga sheria ya kuyagawia mabaraza sehemu ya kodi ya mapato, asilimia tano, na hapo miji mingi midogo ilipata kupumua.

Basi mtu akiuliza diwani wa mji kama Mtito Andei aliacha nini, hapana budi kutazama kwanza daftari la viwanja. Katika miji midogo ya Kenya wafanya biashara wengi hawakuwa na hati ya ardhi. Walikuwa na barua ya baraza tu, na stakabadhi za kodi walizozikunja vizuri na kuzifungia sandukuni. Baraza likifa, barua yake ni nini? Na je, madiwani waliojua kwamba wanaondoka wangezuiwaje kujigawia viwanja usiku wa mwisho? Jambo hili lilifikiriwa mapema. Sheria ya mwaka 2012 ilikataza baraza lolote kuhamisha mali au madeni yake bila idhini ya Mamlaka ya Mpito. Mali, madeni, na watumishi vikapokelewa na kaunti. Kwa hiyo karani, ambaye hakuchaguliwa na mtu, alibaki na kazi yake, na diwani akarudi shambani.

Tena alirudi mikono mitupu. Madiwani hawakuwa na pensheni, nao kwa miaka mingi baadaye waliendelea kudai kiinua mgongo, hata Seneti ikaletewa maombi yao. Wabunge wa wakati ule hawakungoja hivyo. Mwezi wa Oktoba 2012 walipitisha kwamba kila mmoja wao alipwe zaidi ya shilingi milioni 9 za kuagia, na Rais Mwai Kibaki akakataa kutia sahihi. Mwezi wa Januari 2013 wakajaribu tena, na watu wakaandamana mpaka malango ya Bunge. Madiwani wa miji midogo hawakuwa na mlango wa kujipitishia fedha, na labda ni heri kwao.

Baada ya hapo wodi ya Mtito Andei ikawa moja ya wodi 30 za Kaunti ya Makueni, na mjumbe wake akaenda kukaa Wote, safari ya kupita Kibwezi na Makindu. Bunge hilo jipya nalo lilikaribia kuaga kabla ya wakati. Wajumbe na Gavana Kivutha Kibwana waligombana juu ya bajeti, na tarehe 23 Septemba 2014 risasi zilipigwa katika ofisi ya Gavana na watu wakajeruhiwa. Raia wakatia sahihi maombi ya kuivunja kaunti yote, Gavana na wajumbe pamoja. Tume iliyoongozwa na Bwana Mohammed Nyaoga ilizunguka ikisikiliza watu, ikashauri kaunti isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta alikataa mwezi wa Septemba 2015, wakabaki wote kazini mpaka uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017. Siku hiyo Profesa Kibwana alirudishwa. Wajumbe wengi wa lile bunge la kwanza hawakurudishwa, nao wakaagwa na wapiga kura wao wenyewe.

Wafanya biashara wa Mtito Andei hulipia leseni zao kwa kaunti tangu mwaka 2013.