LED za Nduthi Zinakuchomekea Kila Wiki? Cheki Rezista Kwanza

Umenunua LED mpya, ukazifunga kwa nduthi, zikawaka fiti. Wiki haijaisha, giza tena. Unaanza kulaumu muuzaji. Tulia msee, mara nyingi ngori haiko kwa taa, iko kwa rezista.

Iko hivi. LED haijui kusema imeshiba. Ukiipa volti kidogo tu juu ya ile inataka, inavuta stima mob hadi inaungua. Rezista ndiyo kondaa mlangoni: inaamua stima kiasi gani iingie.

Hesabu ni rahisi. Chukua volti za betri, toa volti za LED, kisha gawa kwa ampea. LED ndogo nyeupe hutaka kama volti 3.2, nyekundu kama 2. Zote mbili, piga na ampea 0.02.

Sasa hapa ndio wasee wengi huteleza. Betri imeandikwa 12, basi wanapiga na 12. Lakini injini ikinguruma betri inachajiwa, na volti zinaweza kufika 14.4. Tumia hiyo. 14.4 toa 3.2 ni 11.2. Gawa kwa 0.02, unapata omu 560. Rangi zake ni kijani, buluu, kahawia. LED nyekundu inatoka 620. Ukiikosa dukani, beba 680. Yaani ukikosa namba kamili, panda, usishuke. Mwanga utapungua kiduchu, lakini taa itadumu.

Usisahau wati. 11.2 mara 0.02 ni wati 0.224. Rezista ya robo wati itabeba, lakini itachemka vibaya. Itisha ya nusu wati.

Uko na LED nyeupe tatu? Zifuatanishe kwa laini moja, chanya ya hii kwa hasi ya ile. 3.2 mara tatu ni 9.6, kwa hivyo inabaki 4.8 pekee. Rezista moja ya omu 270 inatosha zote, na joto ni kidogo.

Ukienda Luthuli Avenue kununua taa, rudi na rezista pia, ni za bei ya chini sana. Taa ya nyuma ikikuzimikia Thika Road usiku, dereva wa lori hatajua uko mbele yake. Piga hesabu kabla ya kufunga, manze.