Sheria ya Paneli za Sola za Kuchomeka: Tathmini kwa Kaya ya Ipogolo, Iringa

Makala haya yanachunguza iwapo sheria ya paneli za sola za kuchomeka inaweza kuinufaisha kaya ya Ipogolo, eneo lililo chini ya kilima cha mji wa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia.

Paneli hizo huchomekwa kwenye soketi ya kawaida, na umeme wake hutumika nyumbani sambamba na ule wa gridi. Mwaka 2025 jimbo la Utah, Marekani, liliruhusu mifumo isiyozidi wati 1,200 bila mkataba na shirika la umeme. Ujerumani, mwaka 2024, iliweka ukomo wa wati 800 kwa inveta, huku ikibakiza wajibu wa kusajili mfumo.

Tahadhari hizo zina sababu. Gridi inapozimika, inveta sharti ijizime. Vinginevyo fundi aliye juu ya nguzo hukuta nyaya zingali na umeme. Aidha, baadhi ya mita za malipo ya kabla huhesabu umeme unaorudi kana kwamba umetumika, hivyo mwenye LUKU huweza kulipia umeme wake mwenyewe.

Hivyo basi, kuiga Utah hakutoshi. Kinga inayomwokoa fundi ndiyo inayoiacha kaya gizani umeme wa TANESCO unapokatika, isipokuwa kuwe na betri na swichi ya kuitenga nyumba na gridi. EWURA ianze na viwango vya inveta na mita. Ulegezaji wa mikataba ufuate.