Bata mzinga wa Krismasi huharibika kabla hujawasha moto

Mmekubaliana kwenye kundi la WhatsApp kwamba mwaka huu si kuku wala nyama choma. Kila mtu amechanga, wazazi wamealikwa kwa keja yako, na wewe ndiwe uliyejitokeza kifua mbele ukasema utaoka bata mzinga mzima, yule wa sinema za Marekani, ngozi rangi ya dhahabu. Poa sana. Ila ujue pesa za watu zinaweza kuungua siku tatu kabla ya Krismasi, ukiwa bado unatafuta viungo.

Tuanze na hizo video unazotazama. Ndege wanaopikwa humo kwa kawaida wametoka kwenye mashamba makubwa ambako huchinjwa wakiwa na miezi minne hivi. Ni wachanga, nyama laini. Sasa wewe unaenda kununua dume ambalo limezunguka boma la mtu huko Kiambu au Machakos kwa miaka miwili, likikimbiza watoto na kupigana na jogoo. Mapaja ya huyo ni ya mwanariadha. Ukimweka kwenye oveni kama video inavyosema, utampa mama yako mpira atafune mbele ya wageni.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa muuzaji si kilo, ni umri. Ukipata wa miezi minne hadi sita, chukua. Jike huwa mdogo na nyama yake huwa laini kuliko ya dume kubwa. Kwa dume, tazama nyuma ya mguu: ule mwiba hurefuka kadiri anavyozeeka. Ukiona umekuwa mrefu na mkali, huyo ni mzee wa mtaa. Na kama ni yeye tu aliyepatikana, usilie. Mchemshe polepole kwa moto mdogo, na kitunguu na tangawizi, mpaka paja lilegee, kisha umpake siagi na kumwingiza kwenye oveni apate rangi tu. Mabingwa wa mitandaoni watacheka, lakini wao hawakununua ndege huyo.

Jambo la pili ambalo wengi hulikosea ni siku ya kuchinja. Sisi tumezoea kuchinja asubuhi ya sikukuu na kula mchana. Mnyama akishachinjwa, misuli yake hukakamaa kwa saa kadhaa kabla ya kulegea tena. Ukimpika akiwa amekakamaa, nyama inakuwa ngumu hata kama ndege alikuwa mchanga. Bata mzinga wa tarehe 25 achinjwe tarehe 23, au mapema tarehe 24, anyonyolewe, atolewe matumbo na alale kwenye friji.

Umenunua aliyegandishwa kutoka supamaketi? Basi hesabu siku. Ndani ya friji, barafu huyeyuka kwa mwendo wa takriban saa 24 kwa kila kilo 2 na kitu. Wa kilo 5 anataka zaidi ya siku mbili, kwa hivyo mtoe kwenye friza tarehe 22. Usimwache juu ya meza usiku kucha. Nje hulainika huku ndani bado ni jiwe, na bakteria huzaana haraka kati ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi. Ukichelewa, mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na ubadilishe maji kila nusu saa. Wa kilo 5 atachukua saa tano au sita. Ukishaweza kuingiza mkono tumboni, angalia kama kuna kifuko cha firigisi, ini na shingo. Kitoe, usikioke na karatasi yake.

Halafu kuna ukubwa. Kilo 5 hulisha watu wanane hadi kumi, kwa sababu mifupa nayo ina uzito wake. Kabla hujalipa, pima oveni yako kwa rula, hasa kimo. Hizi oveni ndogo za mezani zimeaibisha wengi: ndege ameingia, mlango haufungi. Au ameingia lakini ngozi inagusa vyuma vya juu, inaungua ndani ya dakika kumi. Ikiwa nafasi ni finyu, mkate uti wa mgongo kwa mkasi wa jikoni, mlaze kidari kikiwa juu na umkandamize kidari hadi awe bapa. Kwa moto wa nyuzi 220 huiva kwa kama saa moja na nusu. Hatapendeza kwenye picha, sawa, lakini tokeni utaokoa. Oveni ya wati 2,000 ikiwaka bila kupumzika saa tatu hula yuniti 6.

Usiku wa tarehe 24 ni wa chumvi. Usimwoshe. Najua nyumbani hufundishwa kuosha kuku kwa ndimu, na mathee akikupata hapo mtajuana, lakini maji yanayoruka hueneza bakteria kwenye sinki, sahani na kachumbari. Mpanguse kwa tishu mpaka akauke. Pima kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila kilo, changanya na pilipili manga, sugua nje na ndani, kisha umrudishe kwenye friji bila kumfunika. Chumvi inapenya, ngozi inakauka, na ngozi kavu ndiyo huwa na ule mlio kinywani. Rozimari ya kuongeza ladha usinunue. Mitaa mingi ya Nairobi imeipanda kama ua. Omba kitawi.

Tuseme mnakula saa nane mchana. Ndege aingie kwenye oveni saa nne asubuhi, moto ukiwa tayari umefika nyuzi 165. Pitisha siagi yenye kitunguu saumu chini ya ngozi ya kidari, weka vitunguu na karoti kwenye trei na kikombe cha maji. Kilo 5 huchukua saa mbili na nusu hadi tatu. Kidari kikishapata rangi, kifunike kwa foili, maana huiva kabla ya mapaja na hapo ndipo hukauka. Usifungue mlango kila dakika tano kupiga picha, joto linatoroka. Tumbo liache wazi, na kama unataka wali au mkate wenye viungo, pika kando. Tumbo lililojazwa huchelewa kuiva ndani.

Huna oveni? Mbinu ya keki ya sufuria inafanya kazi: sufuria nzito, mawe madogo chini, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Lakini tafuta ndege wa kilo 3 au umkate vipande. Na jiko hilo likae nje. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na kwenye bedsita iliyofungwa madirisha inaweza kuua watu wote chumbani wakidhani ni usingizi wa shibe.

Kifaa kimoja ningekushauri ununue ni kipimajoto cha nyama. Dunga sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, kisha kidari. Nyuzi 74 kote, ameiva. Rangi ya ngozi haikuambii kitu. Ngozi inaweza kung'aa na kiunga cha paja bado kina damu, kisha nyumba nzima inaanza mwaka mpya ikipanga foleni ya choo.

Akitoka, apumzike nusu saa kabla ya kisu. Watu watalalamika, wape viazi. Wakati huo mimina maji ya trei kwenye sufuria, ongeza unga kidogo, koroga, una mchuzi.

Masalio yaingie friji ndani ya saa mbili na yaishe ndani ya siku tatu au nne. Mifupa usiitupe: ichemshe saa mbili na tangawizi. Supu hiyo, asubuhi ya tarehe 26, na chapati ya jana.